Taa inapepesa, mota inachemka

SWALI: Ndugu Mhariri, nashindana hapa Marekani daraja la 17.5 (idadi ya mizunguko ya waya kwenye mota), magari ya rimoti ya 1/10 ya lami. Kidhibiti mwendo nimekiweka blinki, yaani taimingi ya programu imezimwa na taa inapepesa kuthibitisha, kama kanuni za ROAR, chama cha mbio hizi Marekani, zinavyotaka. Nilipoona napitwa kwenye mnyooko, nikazungusha taimingi ya mota hadi alama ya mwisho. Dakika mbili gari linapaa, ya nne limelegea na mota haigusiki. Nimekosea wapi?

JIBU: Blinki inazima taimingi ya programu tu, ile unayoiweka kwa kuzungusha kifuniko cha mota umeachiwa. Kuongeza taimingi ni kuwahisha umeme kwenye koili kabla sumaku ya rota (sehemu inayozunguka ndani ya mota) haijafika mahali pake. Mizunguko huongezeka, lakini nguvu ya kuondokea hupungua na ampea hupanda. Programu ilikuwa inaiongeza pale tu mota imeshachanganya, ikiondoa kabisa kwenye kona, na ndiyo maana mota za 17.5 zilianza kukimbia kama za daraja la wazi hadi ikapigwa marufuku. Kifuniko hakina akili hiyo. Ulipokiweka ndipo kinapobaki, na gharama yake unailipa kila unapotoka konani.

Rudi hadi taimingi ya digrii 30. Kisha tazama gia, maana wengi huchoma mota hapo: gawanya meno ya gia kubwa kwa meno ya gia ya mota, zidisha kwa uwiano wa ndani wa gari. Kwa mfano, 100 kwa 48, mara 1.9, ni 3.96. Kimbiza dakika tano kamili, pima joto la mota papo hapo ukitoka. Ikiwa chini ya sentigredi 70, ongeza digrii 5 za taimingi urudie. Ikikaribia 80, punguza jino moja la gia ya mota. 47 inakupa 4.04. Usibadili gia na taimingi kwa pamoja, hutajua kipi kimesaidia.

Rota ya mota hiyo ikaguliwe. Sumaku iliyochemka sana hupoteza nguvu na haizirudishi ikipoa. Tena hudanganya: mezani huzunguka haraka kuliko mpya, uwanjani haivuti na inakula ampea zaidi.

Kabla ya ukaguzi, hakikisha kwenye kidhibiti taimingi, busti na tabo (nyongeza za taimingi za programu) zote ni sifuri. Taa hupepesa pia betri ikiisha au mawimbi yakikatika, kwa hiyo soma kitabu cha kidhibiti chako ujue mpepeso wa blinki ukoje.

SWALI: Nimebadilishana waya A na C ili mota igeuze mzunguko. Sasa inatetemeka tu.

JIBU: Zima haraka. Njia hiyo ni ya mota zisizo na sensa, kifaa kinachokiambia kidhibiti rota iko wapi. Yenye sensa, isipokuwa kitabu cha kidhibiti chako kikisema vingine, lazima A iende A, B iende B, C iende C, la sivyo unaweza kuunguza kidhibiti. Mzunguko hugeuzwa kwenye programu ya kidhibiti. Ikiendelea kutetemeka baada ya hapo, badilisha kebo ya sensa. Hata waya mmoja ndani yake ukikatika unaweza kutosha.