Mkuu usinunue hizo tyubu kabla hujaziangalia mgongoni

Mkuu rudisha hela mfukoni kwanza. Umesema una Canon na ile 50mm ya f/1.8, unataka kupiga pete na hereni za dukani kwa shemeji yako bila lenzi ya makro (ile ya kupigia vitu vidogo kwa karibu), umeona tyubu za bei chee Kariakoo, ukauliza uchukue hizo, au ringi ya kugeuzia lenzi (unaifunga kinyumenyume), au vioo vya kufunga mbele ya lenzi. Nimefika hapo kwenye "bei chee" damu ikanichemka maana najua ni zipi.

Tyubu ni bomba tupu, haina kioo ndani, kazi yake ni kuisogeza lenzi mbali na sensa ili ikubali kufokasi karibu. Ya bei mbaya nayo ni bomba tupu vilevile. Shida ni kwamba lenzi yako haina ringi ya kuzungusha f kwa mkono (f ndiyo namba ya tundu la kupitishia mwanga, namba ikipanda tundu linakuwa dogo), tundu linafungwa na umeme wa bodi ya kamera unaopita kwenye vile vidoti vya dhahabu mgongoni mwa lenzi, na tyubu ya bei chee haina vidoti. Ukiifunga, kamera inaandika F00, yaani haiioni lenzi, na lenzi inabaki wazi kwenye 1.8 upende usipende.

Mimi zangu niliuziwa na jamaa mmoja wa kaunta, nikamuuliza mara mbili kama zinakubali Canon, akasema "bosi hizi zinaingia zote". Na kweli ziliingia, hakudanganya! Kufanya kazi ndiyo hatukuongelea. Nikabeba kazi ya sonara, pete za tanzanite, advansi nimeshaila, nikaunga tyubu zote tatu, kwenye kioo cha kamera naona jiwe limejaa fremu linawaka bluu, nikajiona mtaalamu (msicheke, kwenye bio nilishaandika napiga picha za biashara). Kufungua kwenye laptop, kakucha kamoja kanakoshika jiwe kametoka kali mpaka mikwaruzo unaiona, jiwe lenyewe ukungu, pete ukungu, picha zote hivyohivyo. Kwa ukaribu ule kwenye f/1.8 sehemu inayokaa kwenye fokasi haifiki hata robo milimita, hata kamera uimwagie zege isitikisike. Mzee akaangalia akaniuliza, "Sasa kijana, pete iko wapi?" Advansi nikarudisha, na masonara wa mtaa ule wanaongea wenyewe kwa wenyewe, sijapata kazi nyingine pale mpaka leo.

Halafu kuna yule mwalimu wa YouTube aliyesema tyubu ni tyubu tu, mwenyewe kashika lenzi ya zamani ya Nikon yenye ringi ya f, anaizungusha kwa kidole huku anaongea mambo mengine kabisa, hilo halitaji! Nimekuja kuliona narudia video kwa hasira.

Kwa hiyo chochote utakachoshika dukani uliza kwanza tundu utalifungaje. Tyubu yenye vidoti, sawa, weka f/11 uanze na ile fupi ya 13mm peke yake, hapo unapata kama milimita tatu za fokasi, pete inaonekana ni pete. Ringi ya kugeuzia ina ugonjwa uleule, ila ina ujanja: weka f/11 lenzi ikiwa imekaa kawaida, shikilia kile kitufe kidogo cha kwenye bodi ya kamera, karibu na pale lenzi inapofungwa, kinachofunga tundu kwa majaribio, na ukiwa bado umekishikilia ndiyo unavua lenzi, inatoka tundu limejifunga, unaigeuza. Vioo vya mbele havigusi umeme, ila vya bei rahisi vinatia zambarau kwenye kingo zinazong'aa, na pete ni kingo tupu.

Nenda na kamera yako, fungia palepale kaunta, weka f/11, ikiandika F00 vua uondoke. Wakikukatalia kujaribu ondoka pia. Ukipata yenye vidoti piga picha mgongo wake uitupie hapa kabla hujalipa, nitakuangalizia.