Maswali ya Wasomaji: Shamba Baada ya Mafuriko

SWALI: Mto umepita katika shamba langu la nusu ekari. Sehemu moja imefunikwa na mchanga. Kwingine, kama robo ekari, udongo mweusi umesombwa na limebaki tabaka jekundu gumu. Je, ninunue udongo wa juu nitandaze?

JIBU: Piga hesabu kwanza. Sentimita 10 za udongo juu ya robo ekari ni meta za ujazo 100, zaidi ya tani 100. Na hata ukiupata, huenda ukaja na mbegu za magugu na minyoo ya mizizi. Afadhali uutengeneze palepale shambani.

Kwenye mchanga, chimba vishimo kadhaa upime unene. Ukiwa chini ya sentimita 5, lima kama kawaida. Ukiwa kati ya 5 na 20, jembe lizame angalau mara mbili ya unene huo: mchanga wa sentimita 10, lima sentimita 20 kwenda chini. Wengi hukwangua juujuu tu, mchanga ukabaki tabaka peke yake. Tabaka hilo hukauka upesi na kuitupa miche kwenye kiu, ilhali udongo mzuri umelala chini yake. Ukizidi sentimita 20, uondoe au uusambaze palipo na mchanga mdogo kabla ya kulima.

Palipochukuliwa udongo, anza na maji, si mbolea. Chimba makinga maji kwa kufuata kontua (mstari wa usawa unaokata mteremko), la sivyo mvua ijayo itabeba na samadi yako. Kisha tifua sentimita 20 udongo ukiwa umekauka kiasi, changanya samadi iliyoiva tani moja na robo kwa robo ekari, halafu mwaga kilo 4 za mbegu za marejea, mimea ya jamii ya kunde inayopandwa ili kurutubisha udongo. Yakianza kutoa maua, kwa kawaida karibu miezi miwili, yafyeke, yaache yanyauke siku moja au mbili, uyafukie sentimita 10 hadi 15. Subiri wiki mbili hadi tatu ndipo upande. Usichelewe mpaka mashina yawe magumu kama kuni: yatachukua muda mrefu kuoza, na vijidudu vinavyoyaozesha vitainyima mimea nitrojeni. Ndiyo maana hatupendekezi kufukia maranda ya mbao.

Rudia kila mwaka. Msimu mmoja haurudishi udongo uliochukua karne kujijenga, ila utaona maji yanaanza kuzama badala ya kutiririka.

SWALI: Shamba lilikaa chini ya maji muda mrefu, likabaki tupu msimu mzima. Sasa mahindi yamedumaa na majani yana rangi ya zambarau. Nimeweka urea, hakuna nafuu.

JIBU: Rangi hiyo huashiria mmea kukosa fosforasi, na urea haina fosforasi hata chembe. Huenda fosforasi imo udongoni lakini haifikiwi. Kuvu wa mizizi, wanaosaidia mahindi kuivuta, huishi kwa kutegemea mimea hai. Shamba likikaa tupu wanapungua sana. Msimu ujao weka mbolea ya kupandia yenye fosforasi sentimita 5 pembeni mwa mbegu na sentimita 5 chini yake. Usiache shamba tupu tena: panda kunde au fiwi hata kama huhitaji mavuno. Kabichi na haradali zisiwe zao la kwanza, kwani hazilishi kuvu hao.

SWALI: Tope limeanza kukauka. Trekta liingie lini?

JIBU: Chukua udongo wa kina utakacholima, uviringishe viganjani. Ukitoa kamba nyembamba isiyokatika, ngoja. Ukimeguka, ingia. Trekta likipita kwenye tope hushindilia udongo wa chini, na ugumu huo unaweza kudumu miaka. Usisubiri mno, lakini: tope laini likikauka kabisa hufanya gamba ambalo miche haiwezi kulipasua. Ukiliona, livunje kwa reki, kisha funika kwa matandazo ya nyasi kavu.