Kijiji kinachangishana kuleta kamchape

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nimeolewa kijiji cha mwambao wa Ziwa Tanganyika, wilaya ya Uvinza. Masika haya watoto wawili wa jirani walifariki kwa homa, na sasa kila kaya inadaiwa shilingi elfu mbili ili waletwe kamchape, wale waganga wanaojidai kuwafichua wachawi. Mama mkwe ni mjane, ana macho mekundu, na jina lake ndilo linalonong'onwa kisimani. Mume wangu anasema tutoe tu, tusije tukaonekana tunamficha. Nifanye nini?
– Mkwe mwenye hofu

JIBU: Marahaba, mwanangu. Msitoe hata senti.

Hayo macho nayafahamu. Nimekulia Ujiji, bibi yangu akichemsha chikichi kwenye pipa tangu alfajiri. Anainama kukoroga, moshi unampiga usoni, anafuta machozi kwa pindo la kanga huku anatufukuza tusisogelee moto. Aliyezeeka kwenye mawese atakosaje macho mekundu? Mpelekeni akaangaliwe, maana yaweza kuwa vikope, na vikope vinatibika.

Kamchape wakifika watafukua sakafu na kutoa pembe walizoficha wenyewe. Kisha bibi wa watu atanyolewa hadharani, atachanjwa chale, atatozwa faini. Wapo waliochomewa nyumba. Inaniuma sana kwamba ukatili huu unalipiwa kwa michango ya majirani, tena kwa daftari.

Mwambie mumeo hivi: Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 22, inamhesabu anayesaidia kosa kuwa mkosaji kama aliyelitenda. Na Sheria ya Uchawi, iliyopo tangu 1928, inakataza kumnyooshea mwenzako kidole kwamba ni mchawi. Halafu mkae mjiulize, michikichi aliyoacha marehemu baba mkwe inatamaniwa na nani? Barua za namna hii zinanifikia mara kwa mara, na mnong'ono ukiufuata sana unakufikisha shambani.

Usianzie kwa mwenyekiti kama ndiye anayekusanya. Nendeni wewe na mumeo kwa polisi kata, au kituo cha polisi cha wilaya, mkiwa na majina ya wachangishaji na siku waliyopanga. Mambo yakichacha kabla hamjasikilizwa, pigeni 112. Mama akiridhia, akae kwa nduguze kwa muda, lakini aondoke mchana, ameaga, na shamba mumeo aendelee kulilima, asitokee mtu wa kusema amekimbia.

Na wale watoto, Mungu awarehemu, je, walipimwa malaria? Kigoma ni miongoni mwa mikoa inayosumbuliwa sana na ugonjwa huo. Wazazi wao wana haki ya kujua kilichowaua. Mwombeni tabibu wa zahanati aje aseme na wanakijiji mkutanoni, kabla kamchape hawajafika.