Pikipiki iliyozama kwenye mafuriko: usiiwashe kwanza

Pole sana, ndugu. Umesema pikipiki imelala usiku kucha kwenye maji yaliyofika usawa wa siti, na sasa imekauka kwa nje unataka kuijaribu. Tafadhali usiiwashe. Maji hayashindiliki, tofauti na hewa. Yakiwa ndani ya silinda, pistoni inagota na konrodi (chuma kinachoshika pistoni na kranki) inaweza kupinda. Hapo utafungua injini nzima.

Chomoa betri, ukianza na waya wa hasi. Fungua plagi, kisha piga kiki taratibu kwa mkono mpaka tundu la plagi liache kutema maji. Usisogeze uso hapo, na pasiwe na moto karibu.

Halafu chungulia oili. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Mwaga, weka mpya, lakini usiwashe bado: mwaga pia petroli ya tangi na kabureta, maana maji hutuama chini yake na kwa juu huyaoni. Filta ya hewa ya karatasi itupe. Rudisha plagi na betri, ndipo uiwashe. Ikishawaka, iache dakika chache tu, kisha badilisha oili tena. Wengi huiruka hatua hii, na unyevu uliobaki hula beringi polepole.

Breki na beringi za magurudumu zikaguliwe kabla hujaingia barabarani. Kama yalikuwa maji ya chumvi, au pikipiki ni ya injeksheni (isiyo na kabureta), usihangaike peke yako. Ipakie kwenye gari umpelekee fundi mapema, kabla kutu haijashika.