Kuzidi, kuzidisha na tangazo la mizani

Swali: Mwalimu, salamu. Mimi ni karani wa kampuni ya malori hapa Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda. Bosi aliniambia niandike tangazo la Kiswahili la kubandika yadi, madereva walisome kabla ya kuondoka. Niliandika: "Lori lililozidisha tani 56 halitatoka yadi." Dereva mmoja wa Mombasa alilisoma akacheka, akasema basi yeye yuko salama kabisa. Kosa liko wapi? Au ningetumia "kukiuka", ama "kuvuka"?

Jibu: Ndugu karani, dereva wako hakukosea kucheka. Kwa sikio la mtu wa pwani, tangazo lako linamzungumzia aliyepakia tani 56 za ziada, juu ya zile anazoruhusiwa. Sasa, sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2013 kuhusu uzito wa magari inaweka upeo wa tani 56, gari na mzigo wake pamoja. Jumlisha mwenyewe: umemfungulia njia hadi karibu na tani 112. Sijui lori hilo lingefika hata mizani ya barabarani ya Busitema, huko Uganda, kwa matairi gani.

Kilichokuponza ni ile "-sha" ya mwisho. Kuzidi ni hali ya kitu chenyewe. Kuzidisha ni kazi ya mtu. Mzigo umezidi, dereva amezidisha mzigo. Hapo hakuna ubishi. Ubishi huanza kwenye neno linalofuata. Baada ya kuzidi unaweza kutaja mpaka: "uzito umezidi tani 56", yaani mizani imesoma zaidi ya hapo. Baada ya kuzidisha unataja kile kilichotiwa kwa wingi. Mpishi akizidisha chumvi, chumvi ndiyo iliyojaa mchuzini, haiwezi kuwa mpaka. Ndivyo zilivyo tani zako 56.

Hata kuzidi kwenyewe kuna mtego, nao ni "kwa". Chukua karatasi ya mizani inayosoma tani 58. Unaweza kuandika "lori limezidi tani 56", ni sawa. Unaweza kuandika "lori limezidi kwa tani 2", ni sawa pia. Lakini "lori limezidi tani 2"? Lori lolote limezidi tani 2, hata likiwa tupu! Penye "kwa" tunapima tofauti, pasipo "kwa" tunataja mpaka. Mkiongea yadi mtaelewana tu, lakini siku utakapoandika barua ya kupinga faini, hiyo "kwa" iangalie mara mbili.

Na "usiozidi" je? Uzito usiozidi tani 56 unaihesabu 56 yenyewe: lori likisoma 56 kamili, halina kosa. Ukiandika "chini ya tani 56", umelifungia nje. Waandishi wa sheria wanapenda "isiyozidi" kwa sababu hiyo hiyo, ndiyo maana unaikuta kwenye kila kifungu cha faini.

Kukiuka ni neno jingine kabisa. Asili yake ni mguu: mtoto amelala mkekani mlangoni, unainua mguu unampita juu bila kumkanyaga. Umemkiuka. Kutoka hapo tukapata kukiuka sheria, agizo, mkataba, haki za watu. Kitu kimelazwa mbele yako ukiheshimu, wewe ukapita juu yake. Kwa hiyo uzito haukiukwi, kinachokiukwa ni kikomo cha uzito, na anayekiuka ni mtu, si lori. Tena neno lina harufu ya mashtaka. Mchanga ulionyeshewa njiani huongezeka uzito wenyewe. Hapo mzigo umezidi, lakini ukisema dereva amekiuka, umeshamhukumu.

Kuvuka ningekiepuka, hasa huko kwenu. Malaba kuvuka mpaka ni riziki ya kila siku: mtu anavuka na hati zake mkononi, anagongewa muhuri, anaendelea. Ukiuweka mpaka huo kwenye wingi, "amevuka mipaka", umeshamtukana, maana unamwambia amekosa adabu. Silabi moja tu hiyo. Usiiweke kwenye tangazo litakalosomwa na mtu mwenye usingizi saa kumi alfajiri.

(Kuna na kufurutu ada, kwa kitu kilichopita kiasi cha kawaida. Tamu kwenye hotuba, yadi haifai.)

Kama Luganda unakijua, jaribu mizani hii: penye "okusukka", mara nyingi kuzidi kutakufaa. Kuzidisha kunadai umjue aliyetenda.

Basi andika: "Lori lenye uzito unaozidi tani 56 halitatoka yadi." Ukitaka kumsemesha dereva mwenyewe, ongeza chini yake: "Usizidishe mzigo." Hapo kuzidisha kuko nyumbani kwake. Na usisahau ekseli, ule mhimili unaoshika magurudumu. Lori linaweza kusoma tani 54 kwa jumla na bado ekseli moja ikawa imebeba kupita kiwango, kwa sababu mzigo umelala upande mmoja. Malizia hivi: "wala ekseli yoyote isizidi kiwango chake."