Kashkazi ya Moroni si ya Unguja

Mara ya kwanza nilikwenda Ngazidja, kisiwa cha Komoro uliko mji wa Moroni, mwezi wa Januari, na begi nikalipanga Kiunguja: kanzu mbili, fulana, makubadhi. Mwavuli niliuacha. Kwetu mwezi huo ni kashkazi, jua na vumbi, masika bado kabisa. Siku ya pili, Moroni ikanyeshewa mchana kutwa. Mama mwenyeji wangu alinitazama nilivyoloa, akacheka: "Si kashkazi hii, mwanangu? Ulitarajia nini?"

Neno ni lile lile na upepo ni ule ule, ila kadiri unavyozidi kwenda kusini hupinda, ukafika Ngazidja ukitokea kaskazini-magharibi na umebeba unyevu wa bahari. Kule kashkazi ndiyo mvua, takriban Novemba hadi Aprili. Kusi ndiyo kiangazi chenye ubaridi. Kwa hiyo usiwaulize wenyeji jina la msimu, uliza kama kunanyesha.

Halafu kuna mlima. Karthala una mita 2,361, na mawingu yakiupiga humwaga maji upande wa magharibi, iliko Moroni. Nimewahi kutoka mjini waipa za gari zikihangaika, nikafika Chomoni, pwani ya mashariki, barabara kavu na watu wameanika nguo.

Ukitaka kupanda, panda kwenye kusi. Mimi nilirudi Julai, nikaanzia kijiji cha Mvouni kabla hakujapambazuka. Joto hupungua kama digrii 6 kila mita 1,000, hesabu ambayo nyumbani niliiona ya vitabuni tu. Usiku ule kule juu nilivaa sweta, koti na shuka la kujifunikia, vyote pamoja. Asubuhi hema lilikuwa likichuruzika maji na mvua haikunyesha hata tone; ukungu tu.

La mwisho ni maji ya kuoga. Pamoja na mvua yote hiyo, Ngazidja haina mto unaotiririka mwaka mzima, kwa kuwa mawe ya volkano yana matundu na maji huzama moja kwa moja. Watu wengi huvuna ya paani na kuyaweka kwenye matangi. Karthala ulipotema majivu mwaka 2005, hata hayo yalichafuka. Mimi, mgeni, safari ile ya Julai nilimaliza ndoo mbili siku ya kwanza. Siku ya pili nikakuta ndoo moja, na kata imelazwa juu yake. Hakuna aliyesema neno.