Kushinda vilima viwili hakukupi ubingwa

Hapana kaka, umeuliza kama kwenye Mashindano ya Vilima Vinne, yale ya kuruka na ski (mbao ndefu za kutelezea kwenye theluji), aliyeshinda vilima vingi ndo bingwa, sivyo kabisa. Wanajumlisha pointi za vilima vyote vinne, Oberstdorf na Garmisch-Partenkirchen Ujerumani, halafu Innsbruck na Bischofshofen Austria, kuanzia mwisho wa Desemba mpaka tarehe 6 Januari. Mfano mzuri ni msimu wa 1998/99, Martin Schmitt alishinda viwili, Noriaki Kasai viwili, ila kombe akabeba Janne Ahonen wa Finland ambaye hakushinda hata kimoja, yeye alikuwa haharibu tu! Mimi hapo ndo napopapenda, ukiteleza siku moja tu basi umekwisha.

Na pointi sio umbali peke yake, kuna majaji watano wanaangalia unavyotua, mguu mmoja utangulie mbele, magoti yakunjwe, mikono wazi, ukitua miguu sambamba wanakukata hata kama umeruka mbali.

Kushinda vilima vyote vinne kwa mkupuo mmoja, wa kwanza kabisa alikuwa Sven Hannawald 2001/02. Pale Innsbruck ukiwa juu unajiandaa kuruka, unaona makaburi kule chini mbele yako, jamani hao watu wana roho.